Maisha ya Mama Kevina wa Nsambya

Mtu atokaye hapa kwetu Bunia, akatelemka mpaka Kasenyi, hukuta Ziwa Albert limetanda mbele yake, na ng'ambo ya maji hayo ndiyo nchi ya Uganda. Huko Uganda majina makubwa ni mengi, ya wafalme na ya maaskofu na ya mashahidi. Walakini jina moja limepata bahati ambayo mengine hayakuipata, maana limegeuka kuwa neno la kila siku. Neno hilo ni Kevina. Watu walipotaka kutaja hospitali, au nyumba ya kuwatunza maskini, walisema kevina tu, na kila msikilizaji alifahamu. Neno hili limetoka kwa sista mmoja wa Ulaya, Mama Kevina, aliyefariki mwaka wa 1957. Leo tutasimulia maisha yake, na hasa jambo moja katika maisha hayo: namna alivyotambua, katikati ya shida nyingi zilizomlilia kwa pamoja, ni ipi iliyopasa kushikwa kwanza.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875, karibu na mji wa Arklow, katika wilaya ya Wicklow, nchi ya Ayalandi. Baba yake alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki wakati binti alipokuwa na umri wa miaka kumi. Hapo bibi yake akamchukua na kumlea, akamfundisha kusali na kufanya kazi. Lakini bibi naye alikufa, Teresa alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba. Basi yule atakayeitwa mama na watu maelfu alikuwa yatima. Akajipatia riziki kwa kufundisha watoto shuleni.

Mwaka wa 1895 aliingia utawa kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, karibu na London, Uingereza. Wakampa jina la Kevin, ambaye ni mtakatifu wa kale wa wilaya yake ya Wicklow. Sista Kevin alitamani kutumwa Marekani, akawatumikie watu weusi waliotoka utumwani. Wakubwa wake wakamtuma Afrika. Askofu Henry Hanlon, mkubwa wa Mapadri wa Mill Hill waliofika Uganda mwaka wa 1895, alikuwa ameomba masista, kwa sababu wanawake na wasichana wa nchi ile hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Masista sita waliagana na wenzao tarehe 3 Desemba 1902. Walipita baharini mpaka Mombasa, wakapanda gari la moshi ambalo reli yake ilikuwa imefika ziwani karibuni tu, wakavuka Nyanza kwa chombo, na tarehe 15 Januari 1903 wakawasili kilima cha Nsambya, mojawapo ya vilima vya Kampala.

Kazi waliyoitiwa ilikuwa kufundisha dini, kusoma na kushona. Lakini watu waliokuja hawakuja na vitabu tu, walikuja pia na madonda na homa na watoto wakavu. Siku zile nchi ilikuwa katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa umezuka katika pwani za ziwa kuanzia mwaka wa 1900 hivi, na kabla ya mwaka wa 1910 ulikuwa umekwisha kuua watu zaidi ya 200,000. Vijiji vizima vilibaki bila moshi jikoni. Ndui ilikuwapo, malaria ilikuwapo, na njaa haikuwa mbali. Ni kweli, katika kilima cha jirani, huko Mengo, Waprotestanti walikuwa na hospitali tangu mwaka wa 1897, nao Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mke wake, walifanya kazi iliyo bora sana. Haki ni kuwataja. Lakini hospitali moja ilikuwa nini mbele ya taifa zima? Basi pale Nsambya masista wakaanza kuwatunza wagonjwa chini ya mwembe. Hapakuwa na jengo, wala kitanda. Palikuwa na kivuli, maji, vitambaa, na dawa chache. Ndio mwanzo wa hospitali ya Nsambya, ambayo ipo hata leo.

Sasa, ndugu mkatekumeni, hebu fikiri juu ya mwembe ule. Asubuhi watu hamsini wameketi, na wahudumu ni wawili au watatu. Aanze na nani? Wengi wetu tutajibu kwamba aanze na aliyefika kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyo haki kisimani na sokoni. Lakini haki ya kisima siyo haki ya ugonjwa. Ukienda kwenye kituo cha afya, hapa mtaani Lumumba au penginepo, pengine utaona umeketi kwenye benchi tangu alfajiri, na mara anafika mama aliyechelewa, amebeba mtoto begani, na muuguzi anamwita yeye kabla yako. Watu hunung'unika. Husema ni ndugu yake, au ametoa kitu. Yawezekana siku nyingine husema kweli. Lakini mara nyingi muuguzi ameona jambo ambalo sisi hatukuliona. Ameona kwamba mtoto yule hashiki titi, au anatapika kila anachopewa, au amepata degedege, au amelegea na haamki akiitwa. Hizo ni dalili za mauti ya karibu. Wewe mwenye donda la mguu, hata likiwa linauma mno, utakuwa hai saa sita mchana. Yeye huenda asiwe.

Ndivyo ilivyo pia ndani ya wodi. Tuchukue mfano. Mzee mmoja anapiga kelele akitaka maji ya kunywa. Kijana aliyevunjika mkono analia kwa maumivu. Mtu mwenye heshima analalamika kwamba shuka lake halikubadilishwa. Na pembeni amelala mtu aliyepasuliwa tumbo jana. Amenyamaza kabisa, ngozi yake baridi yenye jasho, moyo wake unakwenda mbio. Mgeni akiingia, atakimbilia penye kelele. Muuguzi aliyefundishwa atakwenda kwa yule aliyenyamaza, kwa maana yawezekana damu inavuja ndani ya tumbo lake, na nguvu ya kulia imekwisha kumtoka. Utaratibu wake ni huu: kwanza pumzi, maana mtu asiyepumua hufa kwa dakika chache, kisha damu, kisha akili, kama mgonjwa anajitambua, baadaye maumivu, halafu maji, chakula na usafi. Hata hivyo hamwachi mwenye maumivu bila neno, humwambia kwamba amemsikia na atarudi. Na akiisha kumaliza, huanza tena kuzunguka, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa wa mwisho asubuhi aweza kuwa wa kwanza jioni. Kazi hii ni ngumu kuliko kufunga vitambaa, kwa sababu humpasa mtu kumwacha mgonjwa mmoja asubiri ili amwokoe mwingine, na yule anayesubiri anamtazama usoni.

Mama Kevina alikutana na uchaguzi wa namna hiyo si wodini tu, bali katika nchi nzima. Mwaka wa 1906 alitumwa Nagalama kufungua misioni mpya, na mwaka wa 1910, mkubwa wao alipoondoka kwa ugonjwa, yeye akawekwa kuwa Mama Mkubwa wa masista wote wa Uganda. Shule zilihitaji walimu, wagonjwa walihitaji dawa, yatima walihitaji mahali pa kulala. Mikono ilikuwa michache.

Kisha Vita Kuu ya mwaka wa 1914 ikaingia Afrika ya Mashariki. Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kwa kuwa njia za magari hazikuwapo, mizigo yote ilibebwa vichwani mwa watu. Hao wapagazi waliandikwa kwa maelfu na maelfu. Mitaa ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi imeachiwa jina na jeshi lao. Wakazi wengi wa mitaa hiyo hawakumbuki tena kwamba jina hilo ni la watu waliokufa wamebeba unga na risasi. Wapagazi wetu wa Kongo nao walikwenda katika vita hivyo kwa upande wa Wabelgiji. Makumi ya maelfu ya wapagazi walipotea, nao waliouawa kwa risasi ni wachache kuliko waliouawa kwa kuhara damu, malaria na vichomi, baada ya kulishwa vibaya na kulala mvuani. Hospitali ya Nsambya ikafanywa mahali pa kuwatunza wapagazi hao. Mama Kevina na wenzake waliwapokea watu waliokuwa mifupa mitupu. Mtu anayehara damu hafi kwa sababu ya uchafu wake, bali kwa sababu maji ya mwili yamekwisha. Na mtu wa hali hiyo humpasa muuguzi kumnywesha kidogo kidogo, usiku na mchana, bila kuchoka. Mwisho wa mwaka wa 1918 mfalme wa Uingereza, George wa Tano, alimpa Mama Kevina nishani kwa kazi hiyo.

Lakini shida iliyomgusa moyo kuliko zote haikuwa ya askari wala wapagazi. Ilikuwa ya wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Katika Uganda ya siku zile mama wengi walikufa wakijifungua, na watoto wengi hawakuuona mwezi wa pili. Wagonjwa wengine wote unaweza kuwapanga, huyu leo na yule kesho. Mwanamke ambaye mtoto wake amekwama hakubali kupangwa. Na yule anayevuja damu baada ya kuzaa aweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa hiyo, kama kuna mgonjwa anayestahili kuitwa wa kwanza katika nyumba yoyote ya wagonjwa, ndiye huyo.

Na hapo ndipo Mama Kevina alipokuta mlango umefungwa. Sheria za Kanisa za wakati huo hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Tusiwadharau waliotunga sheria hiyo. Walitaka kuilinda nadhiri ya wanawali, nao waliishi katika Ulaya, ambako wakunga wengine walikuwapo mjini, na sista akikataa mwingine aliitwa. Lakini Nsambya hapakuwa na mwingine. Sista aliweza kufunga donda la mtu yeyote, na kumpa dawa mtu yeyote, lakini mwanamke akiletwa usiku katika uchungu, ilimpasa asimame nje. Mimi naona hakuna mzigo mzito kwa muuguzi kuliko huo: kumjua mgonjwa wa kwanza ni nani, na kukatazwa kumgusa.

Mama Kevina hakuivunja sheria, wala hakukaa kimya. Alitafuta njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ilikuwa ya haraka, kwa ajili ya wanawake waliokuwa wakifa mwaka ule. Sheria iliwakataza masista. Haikuwakataza wanawake wengine. Akampata daktari mwanamke, Evelyn Connolly, mlei aliyekubali kuja Uganda kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka wa 1921 wakafungua Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Wasichana wa Uganda wakaanza kufundishwa: kunawa mikono kwanza, kuchemsha vyombo, kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, kujua saa ya kungoja na saa ya kumwita daktari. Watu wengine walishuku kwamba wasichana wa vijijini hawawezi kupewa kazi ya maisha na mauti. Lakini wakunga hao walikwenda mahali ambapo sista asingeweza kufika, nao walisema lugha ya wazazi wenyewe. Ukitazama vizuri, utaona kwamba hapa Mama Kevina alifanya kama muuguzi wa wodini. Mikono ikiwa haitoshi, jambo la kwanza ni kuizidisha mikono.

Kwa ajili hiyo hiyo mwaka wa 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, na makao yao yakawa Nkokonjeru. Walianza wasichana wachache tu. Leo masista wa shirika hilo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania, katika shule na hospitali.

Njia ya pili ilikuwa ndefu. Ilikuwa kuwaeleza wakubwa wa Kanisa mambo yalivyo, mpaka waelewe. Hakuwa peke yake katika neno hilo. Wanawake wengine Wakatoliki, wa Ulaya na wa nchi za misioni, walikuwa wakiomba lile lile, kila mmoja kwa sababu ya wazazi aliowaona wakifa. Barua zilikwenda, majibu yalikawia. Miaka ilipita. Hatimaye, tarehe 11 Februari 1936, siku ya sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes, Idara ya Kueneza Imani huko Roma ilitoa maagizo mapya: masista katika nchi za misioni waliruhusiwa kujifunza udaktari, uuguzi na ukunga, wapate hati, na kuwasaidia wanawake wanaozaa. Tangu kufika Nsambya mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 33. Mama Kevina alikuwa sasa mwanamke wa miaka sitini. Vijana wengi ambao leo huzaliwa mikononi mwa sista mkunga hawajui kabisa kwamba jambo hilo lilikatazwa zamani, na kwamba palihitajiwa watu wa kuliomba.

Liko jambo jingine ambalo tusipolitaja tutamsimulia nusu. Mtu anayezoea kushika la haraka kwanza aweza kusahau wale ambao shida yao haina haraka. Mwenye ukoma hafi leo wala kesho. Kila siku yuko mwingine aliye mahututi kuliko yeye, na kwa hiyo kila siku husukumwa nyuma, mpaka vidole vimekatika na ndugu wamemhamisha kijijini. Mama Kevina aliliona hilo. Mwaka wa 1932 yakafunguliwa makao ya wakoma Nyenga, na mwaka wa 1934 mengine Buluba, karibu na Nyanza katika nchi ya Busoga. Hakuwaambia wangoje mpaka hospitali zipungukiwe na watu, maana siku hiyo isingefika. Aliwatengea mahali pao na masista wao, ili pasiwe na mgonjwa wa haraka wa kuwanyang'anya zamu. Hata leo wauguzi wazuri hufanya hivyo: wakiisha kuwahudumia walio hatarini, huweka saa maalumu kwa ajili ya mgonjwa wa siku nyingi asiyelalamika, wamgeuze kitandani, wautazame mgongo wake kama haujaanza kuchubuka.

Kuhusu shule zake tutapita upesi, si kwa sababu zilikuwa ndogo. Aliamini kwamba msichana aliyesoma atamlea mtoto mzima, akafungua shule nyingi za wasichana, na nyingine zimekuwa shule kubwa zinazojulikana Uganda nzima.

Mwaka wa 1952 masista waliokuwa Afrika walifanywa shirika lao wenyewe, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, na makao makuu yakawekwa Dundalk, Ayalandi. Mama Kevina alikuwa mkubwa wao wa kwanza. Mwaka wa 1955, akiwa na miaka themanini, alikabidhi uongozi. Mtu angedhani sasa atapumzika. Kumbe alikwenda Boston, Marekani, ile nchi aliyoitamani ujanani, kuwaombea fedha wagonjwa na watoto wa Afrika. Huko akafariki tarehe 17 Oktoba 1957, mwenye umri wa miaka 82.

Habari zilipofika Uganda, watu hawakukubali alale ugenini. Kwao, Uganda ndiyo ilikuwa nyumbani kwake. Mwili wake ukaletwa kutoka ng'ambo ya bahari, na tarehe 3 Desemba 1957 akazikwa Nkokonjeru, penye masista aliowaanzisha. Siku hiyo ilitimia miaka 55 kamili tangu alipoagana na wenzake kule Uingereza, akiwa sista kijana, kuja kufundisha kusoma na kushona. Mwaka wa 2016, katika jimbo la Lugazi, Kanisa lilianza kuchunguza maisha yake, ili ijulikane kama anastahili kutajwa miongoni mwa watakatifu. Pale Nsambya, ulipokuwa mwembe, wagonjwa wanaendelea kufika kila asubuhi.